Makombo ya mgahawa kwa kuku wa kuuza: yakatazwe au tuache?

Mleta mada

Wakuu, juzi nilimkuta jirani yangu hapa Tabata anashusha ndoo mbili kwenye bodaboda. Ndani kuna wali uliobaki kwa mama ntilie, maharage, vipande vya chapati, mifupa ya kuku na, samahani kwa mnaokula, vijiti vya meno. Nyuma ya nyumba ana kuku mia na kitu, na mayai yake ndiyo tunayonunua mtaa mzima. Nilipomuuliza akacheka: "Kuku hata nyoka anakula, wewe unaogopa wali?"

Sipingi makombo. Bibi yangu alikuwa anakung'uta sahani mlangoni na kuku wanafika kabla hajaita. Ya nyumbani kwako, ya leo hii, wape. Lakini ya kukusanya migahawani, halafu mayai unatuuzia sisi, naona halmashauri ikataze. Karibuni.

Mama wa Mbagala

Mwanangu, mfuko wa chakula cha kuku wa mayai umenunua lini mara ya mwisho? Kuku anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12 kila kukicha, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 siku ya tano unaukung'uta. Ukishaulipia hiyo miezi mitatu mfululizo, njoo tuongee habari ya kukataza.

Na yakikatazwa yatakwenda wapi? Mtaroni. Mtaletewa nzi na panya, halafu mtafungua mada nyingine.

Niko Leicester

Huku ungekuwa umevunja sheria hata kwa wale kuku wa bibi yako. Uingereza hairuhusiwi kumpa kuku kitu chochote kilichopita jikoni, hata kama unao watatu tu wa uani na umewapa majina. Karoti ukiing'oa bustanini ukawapa palepale, sawa. Ukiingia nayo jikoni ukaimenya, ganda lake tayari ni haramu, labda nyumba nzima muwe hamli nyama, maziwa wala mayai.

Chanzo ni mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo ulifuatiliwa hadi kwenye banda la nguruwe huko Heddon-on-the-Wall, Northumberland, walikokuwa wakilishwa mabaki ya migahawa bila kuchemshwa. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa na kuteketezwa. Kuku hawaugui ugonjwa ule, ila sheria ilipokaza kamba iliwafunga na wao.

Mchokozi

Ng'ambo ya bahari kidogo tu, mji wa Colmar, Ufaransa, tangu 2015 wenye mji wanagawa kuku kwa kaya zinazotaka, ili wale makombo na taka zipungue. Wazungu wenyewe hawajakubaliana, sisi tunaiga yupi?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Tuache Uingereza, sheria yao ilizaliwa na nguruwe. Kwetu hofu ya kwanza ni kideri, wengine mnaita mdondo. Virusi vyake vinakaa kwenye nyama mbichi ya kuku, matumbo, mpaka maji ya kuoshea. Mtu ananunua kuku mnadani, anamchinja, matumbo anatupa uani, wiki haijaisha banda zima limelala. Anasema amerogwa. Sasa ndoo ya mgahawa ina mabaki ya kuku waliotoka mabanda kumi tofauti. Iliyoiva si tatizo kubwa, tatizo ni kwamba vilivyoiva na vibichi vinatupwa ndoo moja. Ukiichemsha ndoo nzima vizuri, virusi vinakufa.

Ukungu ni jambo jingine. Ugali au mkate uliootea ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Na msidhani ni ya ndege tu: mwaka 2004 kule Makueni na Kitui, Kenya, mahindi yenye sumu hiyohiyo yaliua watu 125. Ndiyo maana ile kauli ya "kimeharibika, wape kuku" huwa inaniumiza. Kilichoharibika kinafukiwa.

Maganda na kokwa la parachichi msiwape, maharage yasiyoiva pia, na viazi vilivyogeuka kijani. Chumvi nyingi vilevile.

Mama wa Mbagala, hesabu yako ya mfuko ni kweli kabisa, ila ina upande wa pili. Ganda la yai moja lina karibu gramu 2 za kalsiamu. Kwenye wali haimo. Kuku wa kisasa ukimjaza wali anashiba, na kesho hatagi, au anataga yai lenye ganda laini kama karatasi. Makombo yawe kidogo, juu ya chakula chake.

Mama wa Mbagala

Daktari nimekuelewa, na chokaa na dagaa nawachanganyia. Ndoo yangu naichemsha kwenye pipa, moto wa maranda, mifupa natoa. Ninachokataa ni hiyo sheria. Bwana afya akija na karatasi yake hatapima kideri, atapima mfuko wangu. Kila mwezi hela ya soda, na ndoo zitaendelea kuja usiku.

Mleta mada

Hapo mama umenibana, nakiri. Basi nipunguze: wali na mboga viachwe. Kinachotoka kwenye kuku, kibichi au kimeiva, kisiingie banda la anayeuza, na wa kubanwa awe mgahawa unaomwaga vyote ndoo moja. Hao wana leseni, wanajulikana walipo.

Nimemfikishia jirani maneno ya daktari. Mifupa amekubali kutenga. Kuchemsha hataki, anasema mkaa umepanda kuliko mayai. Nikanunua trei hivyohivyo, maana duka la pili liko mbali na watoto walikuwa hawajanywa chai. Chapati-mayai hatukula. Nimeyachemsha yakawa magumu kama mawe, na mke wangu bado ananicheka.