KUCHA! Mtu mzima na akili zake anakwangua dhahabu ya gari la zimamoto kwa KUCHA

Brashi_ya_Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka, mnisamehe herufi zikiruka.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa mauzo, wa tai ya njano, ambaye hata msibani anagawa kadi za biashara. Leo saa nne asubuhi kaingia karakana na kikombe chake cha kahawa, kaenda moja kwa moja kwenye mlango wa gari la zimamoto niliousotea siku nne, kanyoosha kidole, KAKWANGUA. Kwa kucha. Kwenye mkia wa R. Halafu ananigeukia: "Mdogo wangu, stika kali hii. Umeprinti mashine gani?"

Mdogo wangu! Namzidi miaka sita. Na STIKA!

Kwa msiojua, huku Marekani gari la zimamoto linapambwa kuliko bibi harusi. Tabia ya zamani hiyo, karne ya 19 vikosi vya kujitolea vya New York na Philadelphia vilikuwa vinaringishiana pampu zilizopakwa dhahabu na kuchorwa picha. Mpaka leo vituo vingi havitaki mchezo: majina mlangoni ni karatasi za dhahabu, yaani dhahabu halisi iliyopondwa ikawa nyembamba kabisa, karati 22 na kuendelea. Hili letu ni la miaka ya tisini, likagonga nguzo, wakaleta mlango mpya wa kushoto, mwekundu mtupu. Kazi yangu ni uandikwe ufanane na wa kulia.

Kufanana siyo kuandika maneno yale yale, jamani. Fundi wa kwanza aliisugua dhahabu kwa kuzungusha juu yake pamba iliyofungwa mahameli, ikabaki na miduara midogo, kila mmoja sawa na kizibo cha soda. Nimefunga vifurushi vitatu vya pamba ndipo nikapata kinachotoa duara lile. Gundi nimepaka jioni. Asubuhi nimeigusa kwa kifundo cha kidole, ikalia tik, nikajua imeiva. Feni nikazima, madirisha nikafunga, maana dhahabu ile ukiipumulia inahama wilaya. Chafya nimeimeza ikatokea masikioni. Imebaki klia tu, vanishi isiyo na rangi ya kuikinga, ipigwe leo mchana.

Kucha imekuja asubuhi.

Na siyo kucha ya kawaida. Ni ile ya kidole kidogo, ndefu, anayoifuga kama mfugo!

Radhi hakuomba. Anasema, "Basi hata ule wa kulia tuukwangue, tubandike stika pande zote, zitafanana." Ile plastiki ya njano ambayo miduara yake inafanana kama mayai ya kuku wa kisasa! Stika zenye dhahabu halisi zipo, nazijua, siyo kwamba nazidharau, ila huyu hata hizo hazijui. Yeye anajua kukwangua.

Mkia wa R, wakuu. Mkia wa R.

Mjomba_wa_Buza

Uzi bila picha? Leta picha ya kucha.

Shangazi_Mkali

Pole mwanangu. Ila siku nne kuandika maneno mawili mlangoni? Mimi nimejengewa choo kwa siku tatu, na kina dirisha.

Brashi_ya_Kirumba

Shikamoo Shangazi. Siyo maneno mawili, kuna namba pia, kuna mstari mweusi pembeni, kuna kivuli. Na sasa kuna alama ya kucha.

Chai_Maziwa

Chai hii. Dhahabu kwenye gari la serikali na bado haijaibiwa?

Geita_Kwetu

Mkuu Chai_Maziwa, punguza tamaa. Karatasi zile ni kama sentimita nane kwa nane, zinauzwa kwa kitabu cha karatasi 25, na kitabu kizima hakifikishi hata nusu gramu. Ukikwangua gari zima unapata vumbi na kesi. Huyo mwenye kucha kapata hasara ya kucha.

Mjomba_wa_Buza

Kwa hiyo kucha yake sasa ina karati ngapi? 😂

Kocha_Mstaafu

Mleta uzi na wewe una makosa. Kwa nini hukuweka kamba? Kwetu ukipiga sakafu saruji mbichi unaweka matofali pembeni, na bado mbuzi anapita. Wewe umeacha mlango wazi kwa mtu wa mauzo.

Brashi_ya_Kirumba

Niliweka karatasi imeandikwa USIGUSE! Kwa mkono wangu, herufi nzuri kabisa! Akaisifia na hiyo! "Font gani hii?"

Mgeni_Mpole (amejiunga leo)

Habari wakuu, mimi ni mgeni hapa. Naona mleta uzi anakuza mambo. Ilikuwa kugusa tu, siyo kukwangua. Na kibiashara stika ina faida zaidi. Mbona ile mistari ya nyuma ya gari ni stika na hakuna aliyelia?

Mjomba_wa_Buza

KUMEKUCHA WAKUU 😂😂😂

Geita_Kwetu

Nimevuta kiti. Mgeni, tai yako ya rangi gani leo?

Brashi_ya_Kirumba

WEWE! Mistari ya nyuma lazima iwe stika, ni nyekundu na njano, imelala nyuzi 45, kazi yake kurudisha mwanga wa taa usiku ili walevi wasikuparamie barabarani! Mlangoni ni jina la watu! Unaligusaje jina la watu kwa KUCHA?

Mgeni_Mpole

Mdogo wangu, tusitukanane.

Shangazi_Mkali

Haa! Ni yeye.

Ndoo_Kumi

Bora ninyi mnagombania dhahabu. Kwetu jiko la jirani lilishika moto, tukapiga simu, likaja gari linang'aa, king'ora mpaka mbwa wamehama. Maji hamna. Likaenda kujaza. Linarudi, sisi tumeshazima kwa ndoo na mchanga, ikabidi tuwachemshie chai vijana wa watu maana walikuwa wamechoka na foleni.

Kocha_Mstaafu

Huo mtaa naujua. Shida siyo gari, shida ni mlivyojenga, hata bodaboda inaingia kwa ubavu.

Dada_wa_Umoinner

Sisi huku Nairobi, jamaa yangu alilipia matatu yake ichorwe sura ya mchezaji wa Arsenal. Ikatoka sura ya mwenye nyumba wake. Abiria wanaipanda wakidhani wanadaiwa kodi.

Mama_Rahma

Mnalia mkia wa herufi moja. Send-off ya binti yangu keki imekuja imeandikwa HONGERA REHEMA. Mtoto anaitwa Rahma. Rehema ni jina la yule aliyekuwa na mkwe wangu kabla.

Shangazi_Mkali

Astaghfirullah. Mkwe alisemaje?

Mama_Rahma

Aliangalia juu kama anahesabu taa.

Brashi_ya_Kirumba

Wakuu, tunaweza kurudi kwenye kucha? Nimejaribu kuziba kwa kipande cha karatasi ya dhahabu, kiungo kinaonekana jua likipiga. Naanza R upya.

Chai_Maziwa

Mama Rahma, keki hiyo ilikuwa ya ngazi ngapi?

Mama_Rahma

Tano. Tumelipia tano.

Ndoo_Kumi

Zote keki, au zile za chini ni boksi?

Mama_Rahma

Nitafungua uzi wangu kesho. Lile la chini kabisa ni boksi la viatu, namba 42. Tulijua kisu kilipogoma.