Mjadala: Je, kinywaji cha mnanaa na rosela kinastahili kuitwa cha kusawazisha homoni?

Mama Majani: Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Huchukua konzi ya majani mabichi ya mnanaa, kipande cha tangawizi kilichopondwa na kijiko kimoja cha maua makavu ya rosela, nikavimwagia lita moja ya maji yaliyochemka na kufunika kwa dakika kumi. Usipofunika, mafuta yenye harufu hupotea na mvuke. Ukinyanyua mfuniko utayanusa kwenye matone yaliyoshika upande wa ndani. Nikishachuja na kupoza, hukamulia ndimu, na hapo wekundu mzito wa rosela hung'aa ghafla. Ninakiita kinywaji cha kusawazisha homoni, lakini muuguzi mmoja amesema kwamba jina hilo ni udanganyifu. Je, amesema haki? Angalizo dogo tu: wanaume wasikinywe kila siku, kwa maana mnanaa hushusha homoni yao.

Mfamasia Mkimya: Muuguzi amesema kweli, ingawa neno alilotumia ni kali. Insulini hutoka kwenye kongosho, kotisoli, homoni ya msongo, kwenye tezi zilizo juu ya figo, estrojeni na projesteroni hasa kwenye ovari, na tezi ya dundumio, iliyo shingoni, ina zake. Kinywaji kinachodai kusawazisha homoni kituambie kinagusa ipi, na kama kinaipandisha au kinaishusha. Mwenye upungufu wa homoni za dundumio hatapona kwa jagi la majani, hata akilinywa mwaka mzima.

Baba Glasi ya Kwanza: Maelezo ya dundumio nimeyasoma, lakini mimi nimechomwa na lile angalizo dogo. Nyumbani kwangu ni mimi ninayechuma mnanaa, ninayeponda tangawizi na ninayekunywa glasi ya kwanza, na hakuna aliyewahi kunilalamikia. Dada yangu, ushahidi uko wapi, au ni mbinu tu ya kulinda jagi lisiishe?

Mpita Njia: Usicheke, bwana. Kuna wanaume wa huko Uturuki waliolalamika kwamba chai ya mnanaa imewapunguzia hamu ya tendo la ndoa, na watafiti wakathibitisha. Ilikuwa miaka ya tisini, kama sikosei.

Mfamasia Mkimya: Malalamiko yalitoka eneo la Isparta, na utafiti ulichapishwa 2004. Waliopimwa walikuwa panya madume, wala si hao wanaume. Testosteroni ya panya, yaani homoni ya kiume ambayo wanawake nao wanayo kidogo na ambayo huchochea nywele za mwilini, ilishuka, ndipo watafiti wakawageukia wanawake wenye nywele nyingi usoni na mwilini. Matokeo ya 2007 yalihusu wanawake 21 waliokunywa vikombe viwili kwa siku kwa siku 5, na testosteroni yao huru, ile isiyoshikwa na protini za damu, ikashuka. Mwaka 2010, huko Uingereza, wanawake 42 wenye PCOS, tatizo la homoni linalohusu ovari, walifuatiliwa kwa siku 30. Homoni ilishuka na wenyewe walisema wameona nafuu, lakini kipimo cha nywele cha wataalamu hakikuonyesha tofauti ya kutegemewa, pengine kwa sababu nywele haziwezi kubadilika ndani ya mwezi mmoja. Lipo jambo hapo, ila linahusu homoni moja na watu wachache.

Mama Majani: Mimi nimeumizwa na hiyo "lakini" yako. Mwanamke akisema ameona nafuu, mnamleta mtaalamu ahesabu nywele za kidevu chake ndipo mumwamini! Wenye PCOS tumezoea kuambiwa tupunguze uzito na kwenda zetu, kisha tukipata kitu cha kutuburudisha tunaitwa wadanganyifu.

Mfamasia Mkimya: Mama, hakuna aliyekuita mdanganyifu. Jina la kinywaji ndilo linalobishaniwa.

Mkulima wa Bustani: Kabla hamjaendelea, mna mnanaa upi? Wanawake wale walipewa ule ambao majani yake hukaa moja kwa moja kwenye shina na ambao ukiufikicha hutoa harufu tamu. Ule wenye mentoli nyingi una majani yenye vikonyo, na ubaridi wake hupanda hadi puani.

Baba Glasi ya Kwanza: Wangu ni huo wa kupanda puani. Nimesalimika!

Mfamasia Mkimya: Panya wale walipewa aina zote mbili, bwana.

Bibi Utamu: Mnabishana bure. Mimi huongeza mzizi wa urukususu mahali pa sukari, nami sijawahi kujisikia vizuri kama sasa.

Mfamasia Mkimya: Bibi, kwa heshima zote, katika yote yaliyotajwa hapa hilo ndilo la kuogopwa. Glisirizini iliyomo kwenye mzizi huo hukizuia kimeng'enya cha figo kinachoipunguza makali kotisoli, kotisoli hiyo ikaisukuma figo, hivyo mwili hushikilia chumvi, hupoteza potasiamu na shinikizo la damu hupanda. Wapo waliovurugika mapigo ya moyo kwa kuutumia kila siku. Rosela nayo huvuta upande wa pili: katika utafiti wa Marekani wa 2010, vikombe vitatu kwa siku kwa wiki 6 viliteremsha shinikizo la watu ambao lao lilikuwa limepanda kidogo. Anayemeza dawa za shinikizo asivigeuze vitu hivi kuwa maji yake ya kila siku kabla ya kumwuliza daktari.

Bibi Utamu: Kumbe utamu nao una daktari wake.

Baba Glasi ya Kwanza: Naomba tusihamishe mada. Dawa za shinikizo ninameza, ni kweli, na rosela ninakunywa, lakini hilo halihusiani na heshima yangu iliyochafuliwa hapa. Ninataka kujua wale panya walipewa mnanaa kiasi gani.

Mfamasia Mkimya: Gramu 20 kwa lita moja ya maji, na kundi moja gramu 40. Sasa wewe nijibu: unameza dawa ipi, na unakunywa glasi ngapi?