Viazi mbatata kwenye ndoo, Dar es Salaam: majani yamestawi, viazi havikutunga

Mama wa Tabata
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mwezi Desemba nilipanda viazi mbatata katika ndoo 4 nyeusi za lita 20, nilizozipanga juu ya sakafu ya saruji uani kwangu. Mbegu zilikuwa viazi vya sokoni vilivyoanza kuchipua, na udongo niliuchanganya nusu kwa nusu na samadi ya kuku, kisha nikaongeza urea mara mbili. Mashina yalirefuka hadi majirani wakawa wanakuja kuyatazama, lakini nilipozimwaga ndoo mwishoni mwa Machi nilikuta viazi 12 tu, vikubwa vyake vikilingana na ndimu, na 3 kati yake vilikuwa vya kijani. Mama yangu alilima viazi Njombe miaka mingi, nami natamani sana wanangu waone kiazi kikichimbuliwa nyumbani. Nilikosea wapi, na je, vile vya kijani vinaliwa?

Mkulima wa Uyole
Pole sana, dada. Kosa kubwa ni msimu. Kiazi mbatata ni zao la baridi: hutunga vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 15 hadi 20, na joto hilo likikaribia nyuzi 30 mmea huacha karibu kabisa kutunga viazi, ukapeleka nguvu zake zote kwenye majani. Desemba hadi Machi ndicho kipindi cha joto kali Dar es Salaam, hata usiku haupoi, na ndoo nyeusi iliyokaa juu ya saruji hupata joto kutoka juani na kutoka sakafuni pia. Panda mwanzoni mwa Juni ili miezi ya kipupwe ikutane na wakati wa kutunga, tumia ndoo nyeupe au viroba, uviinue juu ya matofali na kuvipa kivuli kuanzia saa sita mchana.

Jambo la pili ni mbolea. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na urea ni naitrojeni tupu, kwa hiyo uliyalisha majani ukaviacha viazi. Tumia mboji iliyooza vizuri, fungu moja kwa mafungu mawili ya udongo, pamoja na majivu kidogo, na urea uiache kabisa.

Viazi vya kijani usiwape watoto. Rangi hiyo ni dalili kwamba vilipigwa na mwanga, na mwanga huohuo huongeza sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa.

Baraza la Juu
Mimi nipo Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi ninayo bila kuitafuta, na viazi vya aina ya Shangi hunikomalia kwa miezi mitatu hivi kwenye magunia. Ninachoweza kuongeza ni namna ya kujaza. Weka udongo wa sentimita 15, panda mbegu 2 nzima zenye ukubwa wa yai, zifunike kwa sentimita 10, na kila mashina yanapofikia urefu wa kiganja pandishia udongo huku ukiacha majani ya juu yakipumua. Viazi hutokea juu ya mbegu, wala si chini yake, na udongo ukiwa haba hujitokeza nje. Bila shaka ndivyo vyako vilivyopata ukijani. Tena usitumie udongo uliootesha nyanya, kwa sababu mazao hayo mawili ni ndugu na hugawana ugonjwa wa mnyauko.

Mama wa Tabata
Ahsanteni sana. Vile 3 vya kijani nivitupe basi?

Mkulima wa Uyole
Usivitupe, dada, ikiwa mashina yake hayakunyauka ghafla yangali mabichi, maana hiyo ndiyo dalili ya ule mnyauko. Kiazi cha kijani hakiliwi, lakini hupandwa. Viweke kwenye ungo mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, mbali na mikono ya watoto, na kufikia Juni huenda macho yake yakawa yametoa machipukizi mafupi na magumu, ambayo ni bora kuliko yale marefu meupe ya gizani.

Mama wa Tabata
Vimo kwenye ungo tayari, juu ya kabati. Matofali nitayatafuta wiki hii.