Tupeane uzoefu: kula baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, sisi wa Tanga

Bint Chumbageni
Habari zenu ndugu zangu. Najua tupo wengi kuliko tunavyosema. Mimi nilikatwa tumbo la chakula, ule upasuaji wa kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kubakiza kijifuko chembamba kirefu. Hospitali walinipa karatasi ya maelekezo na imenisaidia sana, ila imeandikwa kwa mtu anayekula brokoli na samaki wa kuoka. Chapati haimo, wali wa nazi haumo, wala mama mkwe anayekuongezea upawa wa pili kwa mapenzi. Naomba tuelezane: chakula gani cha kwetu kimekukubali, kipi kimekukataa, na nyumbani unaishije na watu?

Naanza mimi. Mwanzo ni majimaji: maji, supu ya kuku iliyochujwa, chai isiyo na sukari. Kisha maziwa na uji mwepesi, halafu vya kusaga, halafu laini, hadi wiki ya sita au ya nane ndipo unaruhusiwa chakula cha kawaida. Mimi nimebebwa na samaki. Changu au tasi unamchemsha kwa ndimu, kitunguu na tangawizi, unamchambua kwa vidole mpaka uhakikishe hakuna mwiba, unamponda na mchuzi wake. Huyo anashuka vizuri. Nikitia nazi ni tui jepesi, maana tui zito linanipa kichefuchefu. Na kila mlo naanza na samaki, kwa sababu tuliambiwa protini ifike gramu 60 hadi 80 kwa siku. Ukianza na wali, samaki hapati pa kukaa.

Chapati imenikataa. Hata iwe laini vipi, inakuwa donge, inakwama hapa kifuani, mate yanajaa mdomoni, lazima uinuke. Mkate mweupe hivyo hivyo. Ugali nakula tonge dogo mno, uwe laini na mchuzi mwingi.

Kaka Bandarini
Ahsante dada kwa kuanzisha. Mimi njaa ilikata kabisa miezi ya mwanzo. Daktari alinieleza kwamba sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Kwa hiyo nakula kwa saa, simu inanikumbusha.

Mchana tunakula kwa mama ntilie. Nilimweleza ukweli, sasa ananiwekea bakuli dogo: kipande cha samaki, maharage ya kupondwa, mchicha kijiko. Ananitoza nusu ya bei, nikitaka kulipa yote anakataa. Mama yule Mungu amzidishie.

Kazi ni maji. Joto la Tanga mnalijua, na sisi hatutakiwi kunywa pamoja na chakula, unasubiri kama nusu saa baada ya kula. Wala huwezi kugugumia chupa nzima kufidia. Natembea na chupa yangu, funda moja moja tangu alfajiri. Soda nimeacha, gesi yake inauma. Dafu nakunywa nusu, taratibu, kati ya mlo na mlo.

Umm Salma
Mimi ni wa baipasi. Tumbo limefanywa kijifuko cha kama mililita 30, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Adui wetu ni sukari. Inashuka kwenye utumbo kwa kasi, utumbo unavuta maji, na baada ya dakika chache moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, tumbo linasokota, unahara, mwili wote unalegea. Wenyewe wanaita dampingi. Kipande kidogo tu cha halua ya Idd kilinilaza kitandani wageni wakiwa sebuleni.

Kuhusu Ramadhani, maana najua swali litakuja. Mwaka wa kwanza sikufunga. Daktari aliogopa nisipungukiwe maji, na shekhe wetu akasema mgonjwa ana ruhusa, nitalipa. Mwaka uliofuata nilifunga kwa idhini ya daktari. Adhana ikilia nakunywa mafunda machache na tende nusu, nasimama kuswali Magharibi. Nikimaliza swala na nyiradi zangu, nusu saa imekaribia, ndipo nakaa kula: kuku au samaki kwanza, muhogo wa nazi kijiko kimoja. Kabla ya Tarawehe naanza tena maji, kidogo kidogo mpaka daku. Mwenzangu mwenye kisukari au dawa nyingi asifuate langu, amuulize daktari wake.

Mgeni Makorora
Mimi kinachonitesa ni midomo ya watu. Nimepungua haraka na nywele zinatoka kwenye kitana. Mtaani wameshanipa ugonjwa. Jirani kamwambia mama anipeleke kupima. Nyie mlijibuje?

Bint Chumbageni
Pole sana mdogo wangu. Mimi waliojua ni ndugu wa karibu tu. Wengine nawajibu, "Niko salama, daktari ananifuatilia," nabadilisha mazungumzo. Hulazimiki kumweleza kila mtu.

Na usijifungie ndani ukakosa shughuli za wenzio. Harusini mimi napenda sinia. Naketi upande wenye nyama, nachambua kipande polepole, natafuna mpaka kilainike kabisa, mkono unakwenda na kurudi, soga zinaendelea, hakuna anayehesabu matonge yako. Sahani ya peke yako ndiyo inayokusema, maana inabaki imejaa.

Muuguzi wa Zamu
Nywele kutoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida kwa wanaopungua haraka, na nyingi hurudi. Ila hakikisha protini na vidonge. Vitamini ni za maisha yote jamani, hasa B12, vitamini D, madini chuma na kalsiamu. Chuma na kalsiamu usimeze pamoja, ziachanishe saa mbili, na chuma usikimeze na chai.

Mgongo ukiuma usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni dukani, hasa nyie wa baipasi, inaleta vidonda vya tumbo. Kutapika kukiendelea siku kadhaa nenda hospitali, usisubiri, maana upungufu wa vitamini B1 unaweza kudhuru mishipa ya fahamu na ubongo. Na kina dada, mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Mnyanjani
Mimi niliwekewa puto tumboni, sikukatwa. Linapitishwa mdomoni, linakaa kama miezi sita, linatolewa. Siku za mwanzo kichefuchefu kikali. Ninachojifunza sasa ni kula polepole, kwa sababu likitoka sitakuwa na cha kunizuia.

Binti wa Pangani
Shikamooni. Mama yangu yuko kwenye vya kusaga na amechoka supu ya kuku. Nimpikie nini? Anatamani dagaa.

Umm Salma
Marahaba mwanangu. Mpikie choroko. Ziloweke usiku, zichemshe na kitunguu na nyanya iliyomenywa mpaka zipasuke, saga, pitisha kwenye chujio maganda yabaki, malizia na tui jepesi kijiko kimoja. Pilipili acha. Mpe kwenye kikombe cha kahawa na kijiko cha chai, na akisema basi, ni basi, hata kikombe kikibaki nusu. Siku nyingine yai la kuchemsha lililopondwa na mtindi usio na sukari. Dagaa asubiri mpaka aruhusiwe vya kawaida, vichwa na miiba yake bado si ya tumbo lile.