Naomba ushauri: mablanketi na godoro la wageni niviweke wapi?

Habari zenu ndugu zangu. Tunaishi watatu, mimi, mke wangu na mtoto anayeanza kutambaa, kwenye nyumba ya kupanga ya chumba na sebule. Vitu vimetuzidi. Kabati ni moja na limejaa mpaka mlango haufungi.

Uvunguni mwa kitanda tayari kuna masanduku ya plastiki yenye nguo za msimu. Kinachoniumiza kichwa ni mablanketi na godoro la wageni. Godoro tuliliegemeza kwenye ukuta wa nje, likaota ukungu upande wa nyuma kwa sababu hewa haipiti pale. Tumelianika juani, harufu bado ipo, na kwa ajili ya mtoto jambo hili linanitisha kweli.

Nafasi iliyobaki ni ya juu, kati ya kabati na dari. Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Je, zile rafu za kukaza kati ya sakafu na dari zinahimili uzito, hata mtoto akizishika ajivute asimame? Na mablanketi yakifungwa kwenye mifuko ya kunyonya hewa kwa miezi kadhaa, yanafura tena vizuri? Aliyewahi kuvitumia naomba anieleze.