Shati la pauni 9.15 na Kiingereza cha gaokao: huyu mtoto wanamwonea!

Wakuu, salaam.

Nipo Yiwu, mkoa wa Zhejiang, mwaka wa tisa sasa, nahangaika na makontena kama Waswahili wengine wa huku. Leo sina habari ya mzigo wala bei ya dola. Nina hasira, na nisipoimwaga hapa nitakuja kumtukana mtu asiyehusika.

Mama mmoja ninayechukua soksi kwake pale soko la Futian ana mtoto wa kiume aliye gaosan, yaani mwaka wa tatu na wa mwisho wa sekondari ya juu. Tumwite Kevin. Nimemjua akiwa na miaka tisa, anakaa juu ya marobota na kula tambi za pakiti. Ananiita shushu, ambayo kwetu ni baba mdogo. Kiingereza chake hakukipata kwenye vitabu, kakiokota dukani kwa Wamisri, Wahindi, Wanigeria, Warusi na sisi. Mama yake akishindwa na kikokotoo cha bei, anaitwa yeye. Mimi nikiwa nje ya mji ndiye anayenipigia simu kuniambia katoni 40 zimepakiwa, mbili zimelowa, nizikatae au nizichukue kwa punguzo kabla lori halijaondoka kwenda bandari ya Ningbo. Tunaongea Kiingereza. Tunataniana, tunagombana, tunapatana. Sasa niambieni wenyewe: huyo anajua Kiingereza au hajui?

Gaokao inasema hajui. Januari kapata 97 kati ya 150.

Kwa msioujua huu mtihani, nieleze kidogo. Gaokao ndiyo mlango wa chuo kikuu China nzima. Mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Unaanza kila tarehe 7 Juni, na Kiingereza kinafanywa tarehe 8 mchana, saa tisa hadi saa kumi na moja. Jumla ni alama 750, na Kiingereza kina 150, sawasawa na Hisabati na Kichina. Kwa hiyo ukikwama kwenye Kiingereza umekwama maisha, hata kama ndoto yako ni kusomea udaktari wa mifugo. Zhejiang wana nafuu moja: Kiingereza unafanya mara mbili, Januari na Juni, na yanachukuliwa matokeo yaliyo mazuri zaidi. Ndiyo maana nina muda wa kupiga kelele kabla Juni haijafika.

Tuanze na kusikiliza, maana ndiko damu yangu inakochemkia. Maswali 20, kila moja alama 1.5, jumla 30. Mazungumzo matano ya mwanzo unayasikia mara MOJA tu. Umepiga chafya? Imekula kwako. Yanayofuata yanarudiwa mara mbili. Kabla ya yote kuna mfano unaosomwa kwa Kichina, na Mchina yeyote aliyepita sekondari anaujua kwa moyo kama sisi tunavyoujua wimbo wa taifa. Swali linauliza shati ni bei gani. A ni pauni 19.15, B ni pauni 9.18, C ni pauni 9.15. Halafu sauti inakwambia jibu ni pauni tisa na peni kumi na tano, kwa hiyo chagua C, uiweke kwenye karatasi yako. Watoto wameugeuza kibwagizo, wanaigizana wakicheka. Miaka nenda miaka rudi shati halipandi bei. Wakuu, mimi nanunua mashati hapa. Nionyesheni duka linalouza kwa pauni na peni kwenye soko lenye vibanda kama 75,000!

Bei ya shati ningeivumilia. Kinachonikera ni jinsi maswali yenyewe yanavyotegwa. Jamaa anaulizwa atasafiri na nini. Anasema alipanga kwenda na treni, tiketi zimeisha, basi linachelewa, ah, kumbe kaka yake anapita njia hiyo hiyo na gari. Majibu: treni, basi, gari. Yote umeyasikia. Aliyeelewa na asiyeelewa wote wana maneno yale yale masikioni, na sekunde chache za kuamua. Matokeo yake walimu wanafundisha chenga badala ya lugha. Kevin kanionyesha daftari lake: “ulichokisikia usikichague”. Lingine linahusu kusoma: “majibu matatu marefu na moja fupi, chagua fupi, matatu mafupi na moja refu, chagua refu”. Huo ni ushauri unaojulikana China nzima, mtoto wa Harbin anao na wa Guangzhou anao. Ndugu zangu, hiyo ni kubeti.

Halafu sauti zenyewe. Mwanaume na mwanamke wa studio, safi kama maji ya chupa, mmoja Mwingereza, mwingine Mmarekani, wanapokezana bila kukatizana. Hakuna Mhindi, hakuna Mnaijeria, hakuna mtu anayetafuna. Kevin anamwelewa Mmisri anayeongea na simu mbili kwa mpigo, lakini akiwekewa yule mama wa studio anasema, “Shushu, anaongea kama hana haraka ya kitu chochote, nasinzia.”

Haya, tukio lenyewe lililonileta hapa. Mwezi huu wamefanya mtihani wa majaribio shuleni kwao (shule siitaji, mtoto bado yuko mikononi mwao). Siku ya gaokao yenyewe mji mzima unanyamazishwa kwa ajili ya kusikiliza: ujenzi unasimama, madereva wanakatazwa honi, na ikifika saa nane na dakika arobaini na tano geti linafungwa, hata uje unalia. Nchi inayoweza kunyamazisha winchi za ghorofa arobaini imeshindwa kutengeneza spika moja ya darasani! Spika ya juu ya ubao ilikuwa inakwaruza kama redio ya mkulima iliyoishiwa betri. Kevin anakaa nyuma kabisa kwa sababu ni mrefu. Kapata 11 kati ya 20, alama 16.5. Mama yake alipopiga simu akajibiwa kwamba wa mbele wamesikia vizuri, na siku yenyewe vifaa vitakuwa sawa. Alama zinabaki. Na hizo ndizo zinazotumika kuwapanga nani akae na mwalimu yupi miezi hii ya mwisho. Yaani spika mbovu ndiyo imemchagulia mwalimu.

Sasa sarufi. Hapa nakiri, na mimi nimepigwa za uso. Kuna sehemu ya kujaza nafasi 10 ndani ya habari fupi, kila moja alama 1.5. Nafasi nyingine zina neno kwenye mabano ulibadilishe umbo, nyingine hazina kitu, utaje mwenyewe “the”, “which”, “of” na ndugu zao. Kwenye hizo zisizo na kitu ni neno moja tu, ukiongeza la pili umekosa. Habari zenyewe huwa za kusifia vya kwao: mwaka 2022 karatasi moja ya kitaifa iliweka hifadhi ya taifa ya panda, 2023 ikaweka vile vimaandazi vya mchuzi vya xiaolongbao. Sina ubaya na xiaolongbao, nazila kila Jumamosi.

Nilikaa na ile karatasi ya majaribio mezani kwa mama Kevin, kalamu mkononi, kifua mbele, kwamba mimi Mtanzania niliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza nikaenda mpaka chuo. Nikapata 7. Saba! Kevin kapata 4, akanitazama kwa huruma. Moja nililokosa ni hili: “The tea ___ (grow) on these hills was once carried to the coast.” Nikaandika “growing”. Wao wanataka “grown”. Mimi nasema chai inayoota milimani, wao wanasema chai iliyolimwa milimani. Chai ni ile ile, kilima ni kile kile, na msafirishaji kaifikisha pwani salama. Kwa nini yangu iwe sifuri? Mwalimu kamjibu Kevin kwa mstari mmoja mwekundu: “Ufunguo wa majibu unasema grown.” Hakuna maelezo. Ufunguo umesema!

Hapo sijagusa orodha ya maneno 3500 wanayomeza. La kwanza kwenye vile vitabu vyao vya msamiati ni “abandon”, maana ni mpangilio wa alfabeti. Utani wa wanafunzi wote ni kwamba unafungua kitabu, unakutana na “achana nayo”, na wewe unaachana nayo. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Mnataka kujua nani anafaulu? Anayekaa dawati moja na Kevin ni binti mmoja mpole, mwerevu kweli, anapata 138. Jumamosi moja alikuja dukani kumsubiri Kevin, mteja Mmisri akamuuliza katoni moja ina dazeni ngapi. Binti akawa mwekundu, akatafuta maneno, akakosa, akachukua karatasi akaiandika ile sentensi nzima kwa mwandiko kama umepigwa chapa. Wanafundishwa mwandiko huo, unaitwa wa Hengshui, kwa sababu insha zinaskaniwa na msahihishaji anazipitia haraka kwenye skrini, mwandiko mzuri unampa moyo wa huruma. Sikumcheka yule binti. Kafanya kila alichoagizwa kwa miaka tisa tangu darasa la tatu. Hakuna aliyewahi kumwagiza afungue mdomo.

Na barua! Kila mtihani kuna kijana anaitwa Li Hua anayemwandikia rafiki yake mzungu. Huyo Li Hua yupo kwenye mitihani tangu miaka ya 1990 na hajamaliza shule. Anaalika watu kwenye maonyesho ya kukata karatasi, anaomba radhi, anapendekeza vitabu, anashauri watu wajifunze Kichina. Hajawahi kudai pesa yake. Hajawahi kulalamika katoni zimelowa.

Najua wapo watakaokuja na ile ya “Wachina wameendelea kwa lugha yao, wewe unawalilia Kiingereza cha nini”. Soma vizuri mkuu. Sisemi waongeze wala wapunguze. Mwaka 2013 Beijing walitoa rasimu ya kushusha Kiingereza kutoka 150 hadi 100, watu wakabishana weee, na mpaka leo bado ni 150. Wakishusha sawa, wakiacha sawa. Ninachodai ni kwamba kama umeamua kumpima mtoto masikio, mpime masikio. Na inawezekana, kwa sababu wenzao wanafanya: mkoa wa Guangdong tangu 2011 wanafunzi wanakaa mbele ya kompyuta na vipokea sauti vichwani, wanasikiliza, wanauliza, wanajibu kwa mdomo. Beijing nao wakaingiza kuongea mwaka 2021. Huko hakuna mtu wa dawati la nyuma.

Msiniambie pia kwamba kelele hazisaidii. Hapa hapa Zhejiang, Novemba 2018, matokeo ya Kiingereza yalitoka yakiwa yamechezewa kwa fomula, wengine wakaongezewa zaidi ya wengine eti kwa sababu karatasi ilikuwa ngumu. Wazazi wakawaka. Serikali ya mkoa ikachunguza, ikarudisha alama halisi za kila mtu, na mkuu wa idara ya elimu ya mkoa akapoteza kiti. Walionyamaza siku ile walibebwa na waliopiga kelele.

Nyongeza ndogo kwa wale wanaouliza kwa nini nisimfundishe mwenyewe. Namfundisha. Ila niliwahi kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza huku, wakala akaniambia pasipoti yangu si ya nchi ya Kiingereza. Sawa. Lakini aliyepewa ile nafasi, mzungu wa pasipoti sahihi, nilimwonyesha sentensi ya chai wiki iliyopita na yeye akaandika “growing”.

Sasa hoja yangu kwenu. Jumapili saa tatu asubuhi kuna kikao cha wazazi na mama Kevin kaniomba nimwandalie maneno, yeye atayasema kwa Kichina. Nimeandika mambo mawili: mtihani wa kusikiliza urudiwe kwa spika nzima kabla hawajawapanga upya, na walimu waeleze kwa mdomo, mbele ya wazazi, kwa nini chai ya milimani haiwezi kuwa “growing”. Walimu wa Kiingereza mliomo humu, hasa mnaosahihisha mitihani, nisaidieni na hilo la pili. Kama ufunguo uko sahihi niambieni kwa sababu, nitameza mate yangu. Kama na nyinyi mnaona majibu yote mawili yanakubalika, niandikieni kwa sentensi fupi fupi, maana anayezitafsiri kwa mama yake ni Kevin mwenyewe, na kesho ana masomo ya jioni mpaka saa nne usiku.