Naomba ushauri: Je, farasi wawili wanaweza kunipatia kipato hapa Dodoma?

Mwana wa Chamwino

Wanajukwaa wenzangu, habari za jioni. Mimi ni kijana wa miaka 28, mwenyeji wa Chamwino. Kwa miaka mitatu nilikuwa mtunza farasi katika shamba moja mkoani Arusha, ambako wageni hupanda farasi kwenda kutazama wanyama. Nililisha, nilisugua manyoya, nilisafisha mabanda, nilichonga kwato chini ya usimamizi wa fundi, na mwishowe nikaaminiwa kuwaongoza wageni wanaopanda kwa mara ya kwanza. Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi nyumbani na akiba ya shilingi milioni tano na nusu.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, mji umejaa familia zenye watoto ambao Jumamosi na Jumapili hawana pa kwenda zaidi ya kwenye mabembea. Harusi nazo ni nyingi, na bwana harusi atakayefika ukumbini juu ya farasi nadhani atazungumzwa mwaka mzima. Mwenye shamba mmoja wa kaskazini yuko tayari kuniuzia majike wawili watulivu, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 16, kwa bei itakayomeza zaidi ya nusu ya akiba yangu, na gharama ya kuwasafirisha itakuwa juu yangu. Baba ana eka mbili zenye kisima na ameniruhusu nijenge banda. Je, hesabu hii inasimama? Wenye uzoefu wa mifugo au wa sherehe za mjini, naomba msinifiche.

Tabibu wa Mifugo, Mpwapwa

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua, maana wengi hutuita mnyama akiwa ameshalala chini. Nianze na chakula, kwa sababu ndicho kitakachokufilisi kabla ya ugonjwa. Farasi wa kilo 400 anahitaji nyasi kavu zipatazo asilimia mbili ya uzito wake kila siku, yaani kilo nane, kwa hiyo wawili watakula kilo 16. Huku kwetu mvua hukatika mwezi wa nne na hairudi hadi Desemba. Ukihesabu siku 210 tu za kiangazi utapata kilo 3,360, ambazo ni marobota 224 ya kilo 15 kila moja. Sasa nenda kaulize bei ya robota mwezi wa Oktoba, usiulize mwezi wa Mei, kisha urudie hesabu yako. Maji nayo yasipungue madumu mawili ya lita 20 kwa kila mmoja kwa siku, na zaidi siku za kazi na joto.

Utashawishika kupunguza gharama kwa pumba na mahindi yaliyoharibika. Usithubutu. Mnakumbuka mwaka 2016 watu walivyopoteza maisha kwa sumukuvu, sumu ya kuvu wa nafaka, hapa Dodoma na Manyara. Kuna sumu nyingine ya kuvu wa mahindi ambayo ng'ombe huivumilia, lakini kwa farasi huozesha ubongo, akaanza kuzunguka na kugonga kuta, na hakuna dawa ya kumrudisha. Vilevile usimpe chakula cha kuku cha viwandani, kwa kuwa baadhi yake huwekwa dawa ya monensini ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, na kiasi kidogo tu cha dawa hiyo huharibu moyo wa farasi. Na kwa kuwa ardhi yetu ni ya kichanga, jenga hori la kulishia. Farasi anayelishwa chini humeza mchanga unaomlundikia tumboni hadi apate msokoto, na farasi hana uwezo wa kutapika.

Jambo kubwa zaidi ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni wa virusi, huenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma tangu machweo hadi alfajiri, hupamba moto wakati wa mvua, na farasi asiye na kinga hufa mara nyingi kuliko anavyopona. Punda wetu hawaoni shida kubwa nao, ndiyo maana watu hudhani haupo. Dai kumbukumbu za chanjo za majike hao kwa maandishi, tena mwaka hadi mwaka.

Mpambaji wa Kumbi

Mdogo wangu, mimi napamba kumbi mjini na nimewahi kumleta farasi wa kukodi kutoka nje ya mkoa kwa ajili ya harusi moja. Alisimama vizuri kabisa hadi matarumbeta yalipolia na akina mama wakapiga vigelegele kwa pamoja; akarudi kinyumenyume hadi kwenye gari la maharusi, na kioo cha gari hilo nililipa mimi. Wateja wapo, hilo sikufichi, lakini wamejazana baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Oktoba, na wakati wa Kwaresima huwa hakuna kitu. Ukitaka kazi kwangu, kwanza niletee farasi aliyezoeshwa ngoma, jenereta na fataki kwa wiki kadhaa, na mwongozaji asiyeachia hatamu hata mpiga picha akimwomba apishe.

Mzee wa Kizota

Na watoto? Mtoto hukimbilia nyuma ya mnyama, mahali ambapo farasi haoni kabisa. Teke moja tu, biashara imekwisha na wewe uko kituoni unaandikisha maelezo. Kofia ngumu kwa kila mtoto, uzio, na mtu wa pili wa kusimamia foleni. Huyo wa pili umemwekea mshahara?

Mwana wa Chamwino

Nawashukuru sana. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Baada ya kuwanunua, kuwasafirisha na kujenga banda, ningebaki na fedha za nyasi za miezi mitatu tu, na mshahara wa mtu wa pili sikuwa nimeuweka kabisa. Chanjo nilizishuhudia huko nilikokuwa, lakini za majike hawa sijaziona. Je, umri wao si mkubwa mno?

Mwenye Mkokoteni, Mvumi

Ndugu, umri waachie wataalamu. Mimi nina punda sita wa kubeba maji na kuni, na tangu unaandika nimekuwa nikitazama neno moja tu: kwato. Kijijini kwetu hakuna anayejua kuzichonga. Tunaziacha hadi zinajikunja kama viatu vya zamani, punda anachechemea, na mwenye mkokoteni anakosa siku za kazi. Miaka ile ya biashara ya ngozi punda walipungua na bei ikapanda, kwa hiyo hata baada ya viongozi wa Umoja wa Afrika kukubaliana mwaka 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, hatumtupi tena punda anayechechemea tukanunua mwingine. Njoo na kisu chako na tupa ya kusugulia kwato. Nitakulipa kwa kila punda, na jirani zangu watakulipa pia, hata wakikulipa kwa debe la mtama.

Tabibu wa Mifugo, Mpwapwa

Huyu amesema jambo ambalo mimi nililiruka. Kwato za mnyama wa kazi huhitaji kutazamwa kila baada ya wiki sita hadi nane, kwa hiyo mteja mmoja hurudi mara sita au zaidi kwa mwaka, na mtaji wako wote unaingia kwenye mkoba mmoja. Utakapokutana na usaha au kidonda kirefu, ishia hapo umwite daktari, kwa sababu tiba inatawaliwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003.

Kuhusu umri, miaka 14 na 16 si uzee kwa farasi aliyetunzwa, na utulivu wake ndio unaoutaka kwa watoto, ila meno yakaguliwe. Lakini kwa nini uwanunue? Mwombe mwenye shamba akukodishe kuanzia Juni hadi Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ya harusi aliyoitaja dada yetu hapo juu, ndiyo miezi ambayo visubi ni wachache, na kabla mvua hazijaanza wanyama wanakuwa wamerudi kwao. Nyasi utanunua za miezi mitano badala ya mwaka. Usisahau kibali cha kusafirisha mifugo, wakati wa kuja na wakati wa kurudi.

Mwana wa Chamwino

Nimempigia mwenye shamba simu mchana huu. Hakukataa, ila ameuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: farasi akifa mikononi mwangu, nani atalipa?

Mzee wa Kizota

Muandikishane kabla mnyama hajapanda gari. Thamani ya kila farasi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, daktari awapime siku ya kukabidhiana na siku ya kurudisha, na kifo cha ugonjwa kitenganishwe na kifo cha uzembe. Akikataa kipengele hicho, anza na punda wa Mvumi.

Mwenye Mkokoteni, Mvumi

Jumanne nipo nyumbani. Punda wa kwanza ni yule mweusi, lakini anauma.